Familia ninayokaa nayo Ufaransa wanataka niende nao Krismasi kijijini, niende au nibaki Lyon?

SWALI

Shkamoo anti, pole na majukumu.

Mi ni binti wa miaka 22, kwetu Tanga, Ngamiani, ila sasa hivi niko Ufaransa mji wa Lyon tangu mwezi wa tisa. Nimekuja kwa mpango wa au pair, kwa wasioujua ni ule wa kukaa na familia ya huku, unawasaidia kuangalia watoto, wao wanakupa chumba, chakula na hela ya matumizi, na wewe unasoma Kifaransa darasani. Familia yenyewe ni baba, mama na watoto watatu, mkubwa ana miaka tisa, wa kati sita, mdogo hajafika hata mitatu. Niseme ukweli mbele za Mungu, sio watu wabaya, hela yangu wananipa kwa wakati, chumba kina joto, na baridi ilipoanza mama mwenyeji alinipeleka mwenyewe kununua koti na buti bila mimi kuomba.

Sasa shule zinafungwa wiki ijayo, likizo ya wiki mbili. Mpango wao ni kwamba tarehe 24 wote tunaenda kwa bibi na babu wa watoto, kijiji kimoja huko Bresse karibu na Bourg-en-Bresse, ukoo mzima utakuwepo, mashangazi, wajomba, mabinamu, halafu tarehe 27 wanaunganisha kwenda milimani Alps kuteleza kwenye theluji wiki nzima mpaka mwaka mpya upite. Mama mwenyeji akaniambia we unakaribishwa kote, ila kama unataka kubaki Lyon ni sawa tu. Tangu aniambie hivyo sina amani, maana sijui kama ananialika kweli au anaona aibu kuniacha, na sijui nikikataa watanionaje.

Anti kinachonifanya nisite ni hiki. Mwezi wa kumi kulikuwa na likizo nyingine, wanaiita Toussaint, na hapo ndo niliona mambo. Siku za shule mi kazi yangu ni kuwatoa watoto shule, kuwapa kitu cha kula, kucheza nao na kumwogesha mdogo, basi. Ile likizo watoto walishinda nyumbani, wazazi wako kazini, nikawa nao kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku, mchana nawapikia, nafua nguo zao, na darasa langu la Kifaransa lenyewe lilikuwa limefungwa kwa hiyo hata sababu ya kutoka sikuwa nayo. Hawakunilazimisha, ilitokea tu, kila siku asubuhi mama anasema asante sana sijui ningefanyaje bila wewe, anatoka. Mi nikanyamaza. Kwetu mtu mzima akishakuambia hivyo utamjibu nini?

Wikiendi ya likizo ileile tukaenda kwa hao bibi na babu. Mezani wakaleta nyama nikaona kabisa ni ya nguruwe, babu akanimiminia waini, mimi ni Muislamu anti na mama mwenyeji anajua maana niliandika kwenye fomu, ila naona hakuwaambia wazazi wake. Nikasema asante sina njaa. Basi ikawa ndo imeisha, hakuna aliyeniuliza tena, nimekaa pale zaidi ya masaa matatu nakula mkate na saladi, njaa inaniuma, babu ananiambia onja waini kidogo tu, kidogo tu, watu wote wananiangalia. Baadae nikiwa natoa vyombo nikamsikia bibi jikoni anamwambia mwanae kwamba mimi ni difficile, nikaenda kuangalia kwenye simu, kumbe maana yake mtu asiyeridhika, mgumu kwenye kula. Nililia usiku ule. Mi nimelelewa kwamba ugenini unakula unachopewa na unashukuru, halafu leo ndo naitwa hivyo.

Na hii Krismasi yenyewe nasikia chakula kinaanza jioni ya tarehe 24 mpaka usiku wa manane. Nitaswali wapi kwenye nyumba imejaa watu na mi nitalazwa chumba kimoja na watoto? Wakienda kanisani itabidi niende? Na zawadi je, ukoo mzima ule mi nitawanunulia nini na hela yangu ndo hii na kila mwezi kuna kidogo namtumia mama?

Nyumbani nako wananivuta huku na huku. Mama anasema nenda mwanangu, watu wamekuita usiwadharau, na kazi usiogope, mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe. Dada yangu wa Dar ndo kabisa, anasema usikanyage huko, utakuwa beki tatu wa ukoo mzima, wenzio wanakula wewe unaosha masufuria, si bora ungebaki Tanga. Hilo neno limenichoma sana. Na hapa Lyon nina rafiki yangu tunasoma wote, yeye ni wa Bukavu, tunaongea Kiswahili, ameniambia mwaka mpya kwa shangazi yake kuna mkusanyiko wa Wakongo na Warundi, nije. Moyo wangu unataka kwenda huko ila naogopa kuonekana nimewatupa wenyeji wangu.

Niende au nibaki? Na nikienda nitawaambiaje haya mambo ya kazi na chakula bila kuwakosea adabu? Nisaidie anti.

Binti wa Ngamiani, Lyon


JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jibu langu fupi ni hili: Bresse nenda, milimani usiende, mwaka mpya kaa na rafiki yako wa Bukavu. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukielewa sababu hata kuongea nao itakuwa rahisi.

Tuanze na kazi kwa sababu ndo kitu kinachokula roho yako hata kuliko hiyo nyama. Mama yako kanukuu msemo wa wazee na hajakosea, mtu akikaa kwa watu lazima ashike jembe, na wewe umelishika tangu mwezi wa tisa. Lakini jembe lako lina kipimo chake na kimeandikwa. Kwa sheria za Ufaransa au pair anasaidia nyumbani masaa yasiyozidi 25 kwa wiki, anapata siku nzima ya kupumzika angalau moja kila wiki, anapewa hela ya matumizi isiyopungua euro 320 kwa mwezi, pamoja na chumba na chakula. Haya hayasimami eti kwa sababu shule zimefungwa. Chukua ule mkataba mliosaini ukaombea viza, upo tu kwenye mafaili yako, usome vizuri mstari kwa mstari kabla hujaongea na mtu. Saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku ni masaa 11, siku mbili tu umeshafika 22, ikifika Jumatano asubuhi wiki yako ya kazi imekwisha. Hesabu hii ifanye na wewe kwenye karatasi, uione kwa macho yako, maana naona bado unajiuliza kama una haki ya kuchoka.

Na kuna mkataba wa nchi za Ulaya kuhusu au pair uliosainiwa Strasbourg mwaka 1969, Ufaransa imo, wenyewe unasema kwa kawaida msaada wa nyumbani usizidi masaa matano kwa siku, na unasema waziwazi kwamba au pair apewe nafasi kamili ya kufanya ibada zake. Kwa hiyo ukiomba kona ya kuswalia hujaomba upendeleo.

Dada yako nae nimwambie kitu kidogo hapa. Hilo neno beki tatu kalitumia kukutisha, na limekuuma kwa sababu sote tunajua mabinti wa kazi kwetu wanavyoishi, anaamka wa kwanza analala wa mwisho, siku ya mapumziko hana, sikukuu ndo anachoka kuliko siku zote. Linaniuma na mimi, na hao mabinti nao wanastahili siku yao ya kupumzika kama mtu mwingine yeyote. Ila wewe huko ulikoenda makubaliano ni mengine, umeenda kukaa na familia kama mtu wa familia, ujifunze lugha yao, na wao wakaahidi hivyo kwa maandishi. Usikubali dada akuharibie safari kwa neno moja, na usikubali pia neno hilo liwe kweli kwa ukimya wako.

Ukimya ndo tatizo lenyewe mwanangu. Nakuelewa, Tanga umelelewa vizuri, mkubwa akisema asante unainamisha kichwa. Lakini nimeishi na hawa watu miaka mingi, Mfaransa hakisii. Kama hujasema anachukulia uko sawa, na kesho anaendelea palepale. Huyo mama sioni kama ni mnyonyaji, mtu aliyekununulia koti bila kuombwa sio mnyonyaji, ni mama mwenye kazi na watoto watatu amepata nafuu akaishika. Na wao kuongea mambo ya ratiba na masaa sio ugomvi, hata mezani wanabishana kwa sauti siasa, mpira, bei ya siagi, halafu wanakatiana jibini. Ukimwambia hatakuona huna adabu. Atashangaa hukusema mapema.

Basi ongea nae kabla shule hazijafungwa, usingoje kwenye gari. Tafuta jioni watoto wamelala, mwambie una jambo la kuongea nae kuhusu likizo, mkae mezani na karatasi. Anza na la kweli, kwamba umefurahi kualikwa na kwamba unawashukuru. Halafu mwambie likizo ya mwezi wa kumi ulikuwa na watoto kutwa nzima karibu kila siku na ulichoka sana, na ungependa safari hii mpange masaa pamoja kama mkataba unavyosema. Usilaumu, usilie, usiombe msamaha. Na usiishie kusema tu, andikeni, siku gani uko na watoto, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, siku ipi ni yako. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye friji pale, huku ni kitu cha kawaida kabisa.

Sasa milimani. Hebu fikiria ile wiki ilivyo. Wazazi na watoto wakubwa wanatoka asubuhi na mbao zao za kutelezea, wanarudi jua likianza kuzama. Shule za kuwafundisha watoto kuteleza kwa kawaida zinapokea kuanzia miaka mitatu, yule mdogo hajafika. Atabaki na nani? Hakuna bibi huko, hakuna shangazi, kuna wewe. Hata wawe na nia nzuri kiasi gani wiki ile imeshajipanga hivyo, utakuwa umefungiwa kwenye kijumba cha mbao na mtoto wa miaka miwili, nje ni barafu, na lugha utakayoongea kutwa ni ya kibebi. Kama moyo wako unatamani kuiona hiyo milima, na ni mizuri mno sikatai, basi sharti liwe moja, masaa yaandikwe kabla ya kuondoka na siku yako nzima iwepo, na siku hiyo mama au baba anabaki na mtoto wewe unatoka. Asipokubali hilo usiende, ameshakupa ruhusa ya kubaki, kakuambia ni sawa tu, mchukulie kwa neno lake. Huku mtu akikwambia unaweza kubaki huwa anamaanisha hivyohivyo, usikae kuchimba kama kuna jambo chini yake.

Bresse ni tofauti. Kule kuna bibi, babu, mashangazi, mabinamu, watoto wana mikono kumi ya kuwabeba. Na jioni ya tarehe 24, wanaiita réveillon, ndo usiku mkubwa wa mwaka kwenye nyumba ya Kifaransa, kwa familia nyingi hata zile ambazo kanisani haziendi kabisa. Ukibaki Lyon siku hizo maduka karibu yote yamefungwa tarehe 25, barabarani hakuna mtu, darasa limefungwa, rafiki yako anaweza kuwa kwa ndugu zake, utakaa chumbani na simu. Nimewaona mabinti wengi wamejifungia hivyo na ile siku iliwavunja kuliko baridi yote ya mwezi wa kwanza. Tena Kifaransa utakachosikia kwa siku tatu pale mezani ni cha miezi miwili darasani, wazee wanasimulia, watoto wanagombana, hakuna anayeongea polepole kwa ajili yako.

Kipimo cha kazi ukiwa huko ni rahisi, waangalie mabinamu wa rika lako. Wakisimama kutoa sahani na wewe simama. Wakiwa wamekaa na wewe kaa. Kwenye nyumba hizi wageni wadogo wanapanga meza, wanakata mkate, wanapeleka vyombo jikoni, na kufanya hivyo kutamfurahisha bibi, fanya kwa moyo wako. Lakini ukiona wote wako mezani na wewe peke yako uko jikoni na masufuria, au umewekwa meza ya watoto uwalishe wakati wakubwa wanakula, nenda kwa mama mwenyeji kwa utulivu umwambie na wewe ungependa kukaa mezani. Sentensi moja tu.

Chakula sasa, maana hapa umeumia bure. Kwetu mwenyeji akikukaribisha unasema nimeshiba, anakukaribisha tena, unakataa kidogo, anakushika mkono mpaka ule. Huku ukisema non merci mara moja sahani inapita kwa mwingine na wanaona wamekuheshimu. Na ukisema huna njaa kwa mwanamke aliyepika tangu asubuhi, bila sababu, lazima ajiulize chakula chake kina nini. Bibi hakujua dini yako mwanangu! Aliyepaswa kumwambia hakumwambia. Alichoona ni binti anakula mkate tu huku kaacha alivyopika.

Kwa hiyo mwambie mama mwenyeji ampigie mama yake simu wiki hii hii, kabla hajaenda sokoni, amwambie hauli nguruwe, hunywi pombe, na nyama unakula ya kuchinjwa tu kama ndo msimamo wako. Na wewe mwenyewe ukifika umwambie bibi kwa mdomo wako, Je suis musulmane, je ne mange pas de porc et je ne bois pas d'alcool, mais j'aime beaucoup le poisson. Hiyo ya mwisho kuhusu samaki usiisahau, inampa kitu cha kufanya, na mpishi ukimpa kitu cha kufanya umeshampata.

Tena una bahati, meza ya réveillon imejaa vitu vya baharini. Watakuwa na chaza, wanawala wabichi kwa limau na mkate wa siagi, wewe mtu wa Tanga chaza unawajua ila wa kupikwa, kwa hiyo wabichi kama huwezi acha tu, wengi hata Wafaransa hawawezi. Kuna samoni wa kukaushwa kwa moshi, mara nyingi kuna kamba, kuna viazi vya kuokwa na krimu, halafu jibini, na ukanda ule wa Jura hapo jirani jibini lao la Comté ni la kusifiwa kwa haki. Vya kuulizia ni hivi: foie gras ni ini la bata aliyenenepeshwa na bata huyo hajachinjwa kwa taratibu zenu, vile vya kujazwa tumboni mwa kuku au batamzinga mara nyingi vina nyama ya nguruwe ya kusaga, michuzi mingi inapikwa na waini, na ile keki ya umbo la gogo, bûche de Noël, nyingine zina ramu au jelatini, ambayo mara nyingi inatokana na nguruwe. Hata zile chokoleti za Lyon za kufungwa kwenye karatasi za kumetameta zenye maandishi ndani, papillotes, baadhi zina pombe. Uliza tu il y a de l'alcool dedans, watu wazima wote mezani watageuka kuwa wapelelezi kwa niaba yako, wanapenda sana kuongelea chakula.

Neno moja la kukutahadharisha. Usije ukafika na kuku wako wa halali kutoka maduka ya mtaa wa Guillotière hapo Lyon ukampa bibi ampike usiku ule. Bresse kuku ndo fahari yao, kuku wa Bresse wana hati ya jina la asili tangu mwaka 1957, na jogoo aliyehasiwa wa Krismasi bibi kamwagiza zamani kwa mfugaji wake. Kumletea kuku wa dukani ni kumgusa pabaya bila kukusudia. Usiku wa 24 uache uwe wa bibi, wewe kula samaki. Ila mchana wa tarehe 26 jitolee kupika kitu cha kwenu, samaki wa kupaka au wali wa nazi, Guillotière tui la kopo, iliki na viungo vyote vipo, beba kwenye begi. Hapo ndo watakujua wewe ni nani, na bibi atakufuata na kikaratasi aandike ulivyofanya.

Waini nayo isikutishe. Babu kusema kidogo tu ni ukarimu wake wa kizee, kwake kumwacha mgeni na glasi tupu ni aibu. Omba juisi ya tufaha iwekwe kwenye glasi yako mapema kabla hajafika na chupa, wakisema santé inua glasi, mwangalie kila mtu machoni mnapogonganisha, hilo ndo wanalolijali. Akirudia mwambie unatabasamu, jamais, c'est ma religion. Hatakuuliza tena.

Sala, nitasema ninachojua kama mama, mambo ya fiqhi uliza sheikh, pale Lyon kuna Msikiti Mkuu, wilaya ya nane ya mji, tangu 1994, nenda kabla ya safari ukaulize kuhusu nyama, kuhusu kujumuika na familia kwenye siku yao na yote yanayokusumbua, usiyabebe peke yako. Ninachokijua ni kwamba mwezi wa 12 kule siku ni fupi mno, jua linachomoza saa mbili imeshapita asubuhi na linazama karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo alfajiri huna haja ya kuamka usiku wa manane kuwashtua watoto, na magharibi na isha zote zinaingia kabla hawajakaa mezani. Muombe bibi dakika kumi kwenye chumba chochote chenye mlango, mwambie ni kwa ajili ya sala. Kanisani wakienda, na wengine hawaendi, huhitajiki kwenda, mwambie mama mwenyeji utabaki na babu mchochee moto. Ukitaka kwenda kuangalia tu nalo uamue na sheikh wako, sio kwa kuogopa watu.

Zawadi usijimalize. Huwezi kuwanunulia ukoo, na hakuna anayekutegemea hivyo. Watoto watatu, kitu kidogo kila mmoja, wazazi wao kitu kimoja cha pamoja, na bibi kwa sababu ndo mwenye nyumba. Kama ulikuja na kanga ya ziada mpe bibi kanga na umsomee jina lake, hiyo hawaipati Lyon. Ukitaka maua sawa, ila sio krisanthemumu, hayo wanapeleka makaburini. Hela ya mama yako usiiguse. Na wakikupa zawadi usiiweke pembeni ukafungue chumbani kama kwetu, huku wanataka uifungue palepale mbele yao, waone uso wako.

Mwaka mpya kwa shangazi wa rafiki yako nenda bila hofu, hujamtupa mtu, utakuwa umewapa siku za Krismasi zao zote. Mwambie mama mwenyeji unaenda kwa nani na mtaa gani, muachie namba, maana yeye ndo mtu wako wa karibu huko na atataka kujua. Na kabla hawajaenda milimani muulize kuhusu chakula cha wiki ile. Chakula ni sehemu ya makubaliano hata wao wasipokuwepo, kwa hiyo wajaze friji au wakuachie hela ya sokoni. Uliza pia ufunguo, hita na namba ya jirani.

Ikitokea, na sidhani, mama mwenyeji akakasirika ukimwonyesha masaa, au akasema likizo ni tofauti lazima uende milimani, usibishane usiku ule. Waandikie waliokuunganisha na familia hiyo kama ulipitia kwa wakala, walimu wako wa Kifaransa nao huwa wanajua pa kukuelekeza, na weka kwenye daftari kila siku ulifanya kazi kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Familia ikishindikana mkataba wenyewe unaeleza unavyovunjwa na kwa notisi ya muda gani, soma hapo pia. Usifungashe begi ukaondoka kwa hasira katikati ya baridi, viza yako imefungwa kwenye mpango huo.

Mama yako mpigie tarehe 24 jioni kabla hamjakaa mezani. Majira ya baridi Tanga wako mbele yenu masaa mawili, kwa hiyo ukipiga saa kumi na moja jioni yeye ni saa moja usiku, bado yuko macho na wadogo zako wako nyumbani. Ukingoja mpaka watoke mezani kule Bresse, Tanga utakuwa usiku mwingi wameshalala.